Nilifumua suruali ya theluji "ya kike", nikaikuta aibu yangu mwenyewe humo ndani

Wakuu, shikamooni wenye kustahili, na wengine poleni na mihangaiko.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka. Naingia, nacheka, natoka. Leo uvumilivu umenishinda.

Jana nimeona tangazo la jaketi la theluji la kike. Mdada wa watu kasimama mlimani, nywele zinapepea, kashika kikombe cha kitu cha moto. Ubao wake wa kutelezea kauegemeza ukutani nyuma kama ufagio. Chini ya picha dada yetu mmoja kaandika, "Jamani nimelipenda, nalipataje?"

Dada, subiri kwanza. Usibonyeze kitu.

Ninayosimulia yamenikuta mimi, kwa mikono yangu na mkasi wangu. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, isipokuwa maneno niliyomwambia yule wa huduma kwa wateja. Hayo nimeyafanyia usafi kidogo.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mtanzania, naishi Lewisville, Texas. Siku za kazi nakaa kwenye ofisi moja Plano, napokea simu za watu wenye hasira. Jumamosi na Jumapili mchana ni fundi cherehani, nashona hapa hapa kwangu. Harusi, kipaimara, shukrani, msiba, mkiona akina mama wa Afrika Mashariki wametoka na kitambaa kimoja hapa Dallas na Fort Worth, kuna uwezekano mkubwa kimepita mezani kwangu. Wote wananiita Fundi. Hata mume wangu siku hizi akitaka chai ananiita Fundi.

Tuna kikundi chetu cha akina mama tisa. Sita tuko huku, watatu wako Houston. Kuna Wakenya, Warundi na sisi Wabongo. Tunazikana, tunazalishana, tunachekana.

Miongoni mwetu yuko mama mmoja Mrundi tunamwita Mama Divine. Anakaa Haltom City, ana miaka hamsini na kitu, anafua mashuka kwenye hoteli. Ni mama mpana, mwenye nyonga na mapaja ya mtu aliyebeba watoto na kuni na ndoo. Mpole mno. Ukimkanyaga mguu anakuomba radhi yeye.

Mama Divine ana binti mmoja tu, huyo Divine. Waliingia Marekani mtoto akiwa mdogo, wakitokea kambi ya wakimbizi. Mama akafua mashuka ili binti asome awe nesi kama watoto wa wenzake. Binti akasoma mwaka mmoja, akaacha, akaenda New Mexico mlimani kufundisha watu kuteleza kwenye theluji.

Kwa msiolijua hilo jambo: siyo zile mbao mbili na fimbo mbili. Huu ni ubao mmoja mpana, unafungwa miguu yote miwili juu yake, unateremka mlima kiubavu. Wanauita snowboard. Kuna watu wanalipwa kuwafundisha wengine, na Divine ni mmoja wao.

Mama yake hakuelewa. Kwa miaka akawa anasema, "Iyo si kazi, ni mchezo." Binti akaacha kupiga simu kila Jumapili, akawa anapiga mara moja moja.

Halafu Divine akamwambia mama yake neno moja: njoo uteremke na mimi mara moja tu, uone ninachofanya, halafu sitakusumbua tena.

Mama akaahidi. Msimu wa kwanza akaenda peke yake kwa basi, akakodi nguo kule kule. Hazikumpita. Akakaa kwenye mgahawa wa mlimani siku nzima, akirudi anasema kichwa kilimuuma. Binti akaamini kwamba mama bado anaidharau kazi yake. Mama hakusema ukweli, kwa sababu ukweli ulikuwa kwamba suruali ilikwama mapajani mbele ya kijana wa dukani.

Hayo alituambia sisi mwaka mzima baadaye, kwenye kikao nyumbani kwake baada ya misa. Na akaongeza kwamba huu ndio msimu wa mwisho. Divine amepata kazi mlima mwingine, Canada, anaondoka theluji ikiyeyuka. Kwa makaratasi ya uhamiaji aliyonayo mama na likizo zake chache, hajui Canada ataiona lini.

Sasa ninyi mnatujua. Mtu wa kikundi akiwa na safari hasindikizwi na mtu mmoja. Pale pale tukakubaliana: tunakwenda wote tisa.

Na wote tisa tukienda mahali, tunakwenda na nini?

SARE.

Hapa ndipo nilipoanza kuharibu, wakuu. Mimi ndiye niliyesimama nikasema, tukishuka kwenye magari huko mlimani, watu wajue akina mama wamefika. Rangi moja, muundo mmoja. Mama Divine atembee katikati yetu mbele ya mwanawe. Makofi yakapigwa, na vigelegele juu.

Aliyepinga ni mmoja tu, Wanjiru, Mkenya, nesi wa Houston, tuliyekuwa naye kwenye video. Alishakwenda kuteleza na wenzake wa kazini mara mbili. Akasema, "Fundi, skiza. Hizi za wanawake ni za kupigwa picha tu. Kila mtu anunue yenye inamtosha, hata kama ni ya wanaume."

Nikamjibu kwamba sisi siyo wanaume, na sare ni sare. Tena nikamtania, mtu wa Houston anajua nini kuhusu jaketi, mji ambao jaketi ni la kuvaa ofisini kwa ajili ya kiyoyozi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ila Wanjiru ni mdogo kwangu, nikaona methali hainihusu.

Basi nikaenda duka moja kubwa Plano. Sitalitaja, halina upekee wowote, yote yanafanana.

Upande wa wanaume ukutani kuna picha za wanaume hewani. Mmoja kapinduka kichwa chini miguu juu. Mwingine kafunikwa na theluji mpaka kidevuni anacheka. Nguo zao zina vikaratasi virefu: inazuia maji kiasi gani, joto kiasi gani, mishono imefungwaje.

Upande wetu picha ni za wanawake waliokaa. Wamekaa kwenye ngazi, wamekaa kando ya moto, mmoja anamfunga mwenzake skafu. Hakuna hata mmoja anayeteleza. Vikaratasi vya nguo zetu vinasema "inakupa umbo". Hata mbao zenyewe: za wanaume zina majina ya kutisha ya wanyama na dhoruba, zetu ni maua, nyota na ndoto. Nikaukunja mmoja kwa mikono, ni laini, unapinda. Nikamuuliza muuzaji mbona hizi laini zote? Akasema za wanawake ni rahisi kwa anayeanza.

Kwani kila mwanamke anaanza? Hata aliyeanza miaka kumi iliyopita?

Nikamuuliza suruali hii ya kike inazuia maji kiasi gani. Akaigeuza, akatafuta, akaniambia, "It comes in three colors."

Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikasahau swali langu, nikauliza rangi gani.

Zambarau, wakuu. Zambarau moja nzuri, tulivu, kama kitenge kipya. Kiunoni imebana, begani kuna mshono mwembamba wa fedha. Nikaona tisa tumesimama kwenye theluji nyeupe na zambarau yetu. Nikanunua seti tisa, jaketi na suruali, kwa saizi nilizokuwa nazo kwenye daftari langu la vipimo. Kizuri chajiuza, nikajiambia.

Jumamosi moja mchana, wiki mbili kabla ya safari, akina mama wakaja kwangu kujaribu. Wa Houston waliondoka kwao alfajiri kwa gari, wakafika na njaa. Pilau lilikuwepo, mambo yakawa mazuri kwa muda.

Wembamba wakavaa, wakazunguka, wakapigwa picha. Tukaingiza mikono mifukoni. Mifuko ya mbele ya jaketi ilikuwa ya uongo. Zipu ipo, inang'aa, unaifungua, ndani hakuna mfuko. Mama mmoja akauliza sasa mtu akipanda huko juu simu anaweka wapi. Wanjiru akaonyesha picha kwenye kikaratasi cha jaketi, mdada ameshika kikombe cha chai, akasema, "Kwa kikombe." Nyumba nzima ikacheka, na mimi nikacheka ingawa roho ilianza kuniwasha.

Zamu ya Mama Divine. Nilimchukulia saizi kubwa kuliko zote dukani upande wa kike.

Akaingia chumbani. Akakaa humo. Akakaa. Nikagonga, nikaingia.

Suruali ilikuwa imesimama katikati ya mapaja, haiendi juu wala chini. Lakini tazameni ajabu: magoti ya suruali yalikuwa chini ya magoti yake, na pindo lilikuwa linaburura sakafuni. Jaketi hivyo hivyo. Mikono inamfunika vidole, tumboni halifungi.

Kwa fundi hiyo ni kama kusoma barua. Hawakupima mwanamke mpana hata siku moja. Walichukua karatasi ya kukatia ya msichana mwembamba wakaikuza yote, juu na chini na pembeni, kana kwamba mtu akinenepa miguu nayo inarefuka. Wakaandika saizi kubwa, wakaenda nyumbani kula.

Nikaanza kusema, ni nguo mbaya hii, Mama Divine. Yeye hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Alivua taratibu, akaikunja suruali vizuri kama anavyokunja mashuka ya hoteli, akanipa.

"Nguo haina makosa, Fundi," akasema. "Makosa iko ku mwili wangu. Twende tu. Mimi nitabaki nashika mikoba yenu, kama siku zote."

Nikatoka pale na ile suruali mkononi.

Wanjiru alikuwa ameshaelewa. Akavuta begi lake, akatoa suruali nyeusi ya theluji ya mume wake, jitu la watu, kubwa kama hema. "Nilikushow, Fundi. Nilibeba hii nikijua. Ya mzee. Hatai-miss, Houston theluji ataiona wapi?"

Mama Divine akaijaribu. Ikapita nyonga bila shida. Ila kiunoni wangeingia wawili, na miguu ilikuwa mirefu. Inavalika, lakini akichuchumaa inamteremka nyuma. Nikamwambia iache hapa, nitaifanyia kazi.

Wenzangu walipoondoka nikaziweka zote mbili mezani, ya zambarau kushoto, nyeusi kulia. Nina tabia moja niliyofundishwa na fundi aliyenilea Morogoro: nguo usiyoielewa, ifumue. Mshono hausemi uongo. Nikachukua mkasi mdogo.

Ile ya kiume: kila mshono una utepe umebandikwa ndani kuzuia maji, kuanzia kiunoni mpaka pindo. Sufi imejaa makalio na magoti. Katikati ya miguu kuna kipande cha ziada cha kitambaa ili mtu apanue miguu. Mifuko mirefu, inameza mkono mpaka kwenye kifundo.

Ile ya zambarau: utepe upo kiunoni, mahali panapoonekana ukiifungua. Ukishuka chini hakuna. Mshono wa makalio, ambao ndio mtu anaukalia kwenye theluji, ulikuwa mtupu. Sufi niliyoikuta ningeweza kuipuliza ikatoka. Katikati ya miguu hakuna kipande cha ziada. Na pesa yote iliyobaki mnajua waliipeleka wapi? Kwenye bitana. Bitana laini, ina maua madogo madogo ya waridi, kwa ndani, mahali ambapo hata mwenye suruali hayaoni mpaka avue.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hii hata mti haikuwa nao, ilikuwa na maua.

Jumatatu nikapiga simu kwa wenye hizo nguo. Nilisubiri mpaka chakula changu cha mchana kikapoa. Akaja dada mmoja na sauti ya asali. Nikamweleza mshono kwa mshono. Akaniambia wateja wao wanawake wanapenda nguo inayokaa vizuri mwilini, na wengi hawakai nje muda mrefu.

Nikamuuliza, hawakai nje kwa sababu hawapendi, au kwa sababu wamelowa makalio?

Akasema atapeleka maoni yangu mbele. Mimi ninafanya kazi hiyo hiyo ya simu, jamani. Najua mbele ni wapi.

Kufikia hapo mnaona nina haki ya kukasirika, si ndiyo? Na mimi nilijiona hivyo. Nilikuwa nimeshaanza kuandika uzi huu kichwani, mkali, wa kuwasema wenye viwanda.

Siku iliyofuata, nimetoka kazini, nikafungua daftari langu nipate vipimo vya Mama Divine ili nirekebishe ile suruali nyeusi. Nikakuta ukurasa wake. Vipimo vya harusi ya mwaka juzi, harusi ya binti wa mwenzetu mmoja, sare ya kijani.

Kifua, kiuno, hipsi, urefu. Basi. Amesimama, amebana pumzi.

Pembeni nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: *tumia karatasi ya Mama K, ongeza.*

Mama K ni mwembamba, wakuu. Nilichukua karatasi ya mwanamke mwembamba nikaikuza.

Nikakumbuka alipokuja kuijaribu lile gauni likambana mapajani. Nilikuwa na magauni mengine kumi na nne yananisubiri. Nikamwambia, "Jibane kidogo mama, itakaa. Na ugali upunguze." Tukacheka. Na yeye alicheka.

Nikakumbuka harusi yenyewe. Akina mama tumeingia kwa ngoma, kijani tupu, tunazunguka meza ya maharusi. Mama Divine hakuinuka. Nilidhani ni upole wake. Alikuwa amekaa kwenye kiti, na mikoba yetu yote imejaa mapajani mwake.

"Kama siku zote," alisema.

Nyani haoni kundule. Nilikaa pale mezani na lile daftari nikalia, na nilistahili.

Jumamosi nikaendesha mpaka Haltom City na futi yangu shingoni. Sikumwambia ya harusi, niliona aibu. Nikamwambia tu, Mama Divine, leo tunapima upya. Nikampima amesimama. Nikampima amekaa. Halafu nikamwambia achuchumae.

Akanitazama kama nimerukwa na akili. Nikamwambia huko mlimani utaanguka na kuinuka, nguo lazima ijue. Akachuchumaa katikati ya sebule yake, ameshika kochi, anacheka. Mimi nipo magotini nyuma yake na futi. Miaka zaidi ya ishirini ya kushona, sijawahi kumpima mwanamke amechuchumaa. Kipimo cha nyonga kiliongezeka karibu kiganja kizima.

Kila gauni nililowahi kumshonea mwanamke mpana lilikuwa limekosa hicho kiganja.

Ile suruali ya mume wa Wanjiru nikaikata upya. Kiuno nikakiingiza, miguu nikaipandisha, nikaweka utepe mpya kila nilipofumua. Kisha nikachukua ile ya zambarau iliyomkataa, nikaikata vipande virefu, nikamshonea mstari wa zambarau ubavuni, kuanzia kiunoni mpaka chini. Jaketi nalo nikalipanua kwa kitambaa hicho hicho. Sare ni sare. Ila safari hii sare ndiyo ilimfuata mtu.

Safari ilikuwa ndefu, magari mawili, mfululizo wa nyimbo za kwaya na mabishano ya chapati. Tulifika, tukalala, asubuhi tukapanda mlimani.

Divine alikuwa na darasa la kwanza, kwa hiyo tulienda kukodi mbao na buti wenyewe. Kijana wa pale akamtazama Mama Divine usoni, akaenda moja kwa moja upande wa wanawake. Hakumuuliza uzito, hakupima mguu. Akaleta ubao mwembamba wenye maua na buti ambazo hazikuingia hata kisigino.

Nikaona mama wa watu anaanza kukunja glavu zake, polepole, vizuri, kama mashuka. Nikasema moyoni, anarudi mgahawani huyu.

Hapo Divine akaingia. Msichana mrefu, uso umeungua na jua la mlimani, amevaa jaketi la kiume limepauka. Akamkumbatia mama yake, akatazama chini, akaona ule ubao.

"Mama, who gave you this?"

Mama akajibu kwa sauti ya chini kwamba wamesema ni ya wanawake.

Divine akaubeba akaurudisha mwenyewe. Alituambia baadaye kwamba ubao haujui mtu ni mke au mume, unajua uzito na urefu wa mguu. Mguu ukizidi upana wa ubao, vidole vinakwaruza theluji, unaanguka, halafu unaambiwa hujui. Akasema yeye mwenyewe tangu aanze kufundisha havai vya kike, isipokuwa buti. Buti za kike, kwa haki, zimefikiriwa, kwa sababu shavu la mguu wa mwanamke linaanzia chini zaidi. Tatizo zinaishia saizi ambayo mguu wa mama yake ulishaipita zamani. Basi akamletea buti za kiume, akamlegezea juu, akamwekea ubao mpana mweusi.

Halafu akaona suruali. Akapitisha kidole kwenye ule mstari wa zambarau. Akaniuliza, "Auntie, you made this?" Nikatikisa kichwa kukubali.

Kufikia saa sita mchana wote nane tuliovaa zambarau kamili tulikuwa tumelowa. Anayeanza mchezo huu anakalia theluji kuliko kusimama, na ule mshono mtupu ukafanya kazi yake. Wanjiru alinijia anatembea kama bata. "Fundi, aki, mimi si-talk na wewe mpaka Pasaka." Tukarudi ndani mmoja mmoja, tukajipanga kwenye mgahawa, tukakalia mataulo. Mikoba yetu tukaishika wenyewe.

Kwa hiyo tuliona yote kupitia dirisha kubwa.

Mama Divine alianguka. Alianguka kwa mbele, kwa nyuma, kwa ubavu. Nilihesabu mpaka nikaacha. Lakini kila akianguka alikunja magoti, akachuchumaa, akainuka. Hakuna kilichombana. Hakuna kilichoshuka nyuma akabaki anavuta kiuno mbele za watu. Mimi nilikuwa naangalia mshono tu, naomba Mungu.

Mchana ukiwa umeanza kuzeeka wakapanda juu kidogo, kwenye mteremko wa wanaoanza. Divine akamgeukia, akamshika mikono yote miwili, yeye akiwa anateremka kinyumenyume. Wakaanza kushuka. Taratibu mno, kuna mtoto aliwapita mara mbili. Mama kakodoa macho, mdomo wazi. Katikati Divine akamwachia mkono mmoja. Kisha wa pili.

Akateremka peke yake umbali kama wa kanisa letu, mlangoni mpaka altareni. Hakuanguka. Alisimama chini kwa sababu mteremko uliisha.

Tulitoka nje na nguo zetu mbichi, tunapiga vigelegele mpaka watu wa mlimani wakasimama kututazama.

Mama Divine alikuwa anahema. Alimshika mwanawe mashavu na glavu zenye theluji. Akasema, "Mwanangu, nimeiona kazi yako. Ni nguvu. Mimi sikujua." 

Divine alilia tu, amejificha kwenye bega la mama yake kama mtoto mdogo, na mwanafunzi wake mwingine amesimama pembeni anasubiri.

Aprili Divine akaenda Canada. Anapiga simu kila Jumapili.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki. Ukiona kitu kimeandikwa "cha kike", usiangalie rangi. Kigeuze, angalia mshono wa makalio, ingiza mkono mfukoni, chuchumaa hapo hapo dukani, waache washangae. Kikikataa, rudisha, nenda upande wa pili bila kuomba radhi. Mwili wako hauna makosa.

Na kwa mafundi wenzangu wa sare, mnaokuza karatasi ya mwembamba na kumwambia mnene ajibane: tunawalaani wenye viwanda, na sisi ni tawi lao.

Wiki iliyopita Mama Divine alikuja kwangu. Kuna kipaimara Juni, sare ni ya njano. Nilikuwa nimejipanga nimwombe msamaha wa ile harusi, nilishaandaa na maneno. Nikachukua futi, nikageuka.

Nikamkuta ameshachuchumaa katikati ya chumba, mkono mmoja kwenye meza ya cherehani.

"Pima hapa, Fundi," akasema. "Huyu wa kipaimara nitamchezea."

Niliomba msamaha nikiwa nimepiga magoti nyuma yake, futi mkononi. Akaniambia nisimtikise, nitakosea kipimo.

Haya, nimetua mzigo. Sasa nataka kusikia kwenu, wanawake na hata wanaume: ni shughuli gani uliyowahi kukaa pembeni ukishika mikoba ya wenzako, na kumbe kilichokukalisha ni nguo tu? Semeni hapa chini, nasoma zote. Mafundi mtakaokuja kujitetea, njooni na madaftari yenu.